Mama Posta Hakutaka Mtu Aende Mikono Mitupu

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza nilikuwa napiga randa mlango wa mteja mbele ya karakana yangu. Lori la barua likaja, likasimama upande wa pili wa barabara, na dereva akazima injini. Hilo lilinishangaza. Posta yetu ilikuwa imefungwa tangu mvua zianze, maana bwana posta wa zamani alihamishwa na aliyetakiwa kushika nafasi yake hakutokea. Kwa miezi yote hiyo dereva alikuwa akipunguza mwendo tu, anautupa mfuko kwa mwenye duka jirani na posta, kisha anaendelea na safari yake.

Akashuka mama mmoja, bado si mtu mzima sana, amepakata mizani ya shaba kama watu wanavyopakata mtoto mchanga. Mtoto mwenyewe, msichana mdogo, alimfuata nyuma akiburura mto wa kulalia. Yule mama akatoa funguo kwenye bahasha, akaingiza mmoja kitasani, ukazunguka vizuri. Mlango haukufunguka. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. Akausukuma kwa bega, kisha kwa nyonga, kisha akageuka kutazama kama kuna mtu aliyemwona. Nilikuwepo mimi, randa mkononi.

"Kaka," akasema, "hiyo randa yako inavuka barabara?"

Mimi si mtu wa maneno. Hata leo, umri huu, nikiingia dukani nikakuta watu wamejaa, hutoka bila nilichokifuata. Nilivuka tu. Tukauchokonoa mlango kwa patasi mpaka ukaachia, nikaung'oa kwenye bawaba, nikauparuza pale pale barazani. Ndani kulinuka unyevu. Mwenye duka, kwa kukosa pa kuziweka, alikuwa akipenyeza barua chini ya mlango kila lori lilipopita, na sasa zilikuwa lundo sakafuni. Mama yule akaipangusa mizani kwa kitambaa cha kichwani, akaiweka juu ya kaunta, ndipo akapiga magoti akaanza kuokota.

Nilipomaliza kuurudisha mlango, akaniuliza swali ambalo baadaye mji mzima ulilizoea kama salamu:

"Unaelekea upande gani?"

Nikamwambia nakaa nyuma ya kinu.

"Basi usiende mikono mitupu." Akanipa barua za watu wa nyuma ya kinu, kibunda kizima.

Nikajikaza nikamwambia mimi si mtu wa posta, mimi ni seremala.

"Sikuombi uwe wa posta," akasema. "Nakuomba uende kwenu."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Posta. Jina lake la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini nadhani hata binti yake alilisikia mara chache.

Wazee walisimulia kwamba posta yetu ilianza kama rafu moja dukani, kati ya sukari na mafuta ya taa, na siku hizo ulikuwa ukifungua barua ya mkweo unaikuta imelowa mafuta, unaweza kuwashia taa. Baadaye ikajengwa nyumba yenyewe, kuta za njano, sanduku jekundu mlangoni. Mwaka mmoja ndege walijenga kiota ndani ya sanduku, na bwana posta wa enzi hizo, mtu mkali kwa binadamu, akalifunga mdomo kwa kitambaa akaamuru barua zote zipitie dirishani mpaka makinda yaruke. Hayo yote ni ya kabla yake. Yeye aliikuta posta ikiwa na kaunta, dirisha la nondo, muhuri wa tarehe, ukuta mmoja wa masanduku ya barua yenye funguo, na vyumba viwili vya kuishi kwa nyuma.

Masanduku yale walikuwa nayo wachache: shule, kinu, zahanati, mwenye duka na watu wengine wa kujiweza. Sisi wengine barua zetu zilikuwa zikikaa mpaka mwenyewe akumbuke kuja kuuliza, na nani angeacha shamba aje kuuliza barua ambayo hajui kama ipo? Mama Posta hakupenda kuona barua imekaa. Alisema barua iliyokaa ni sawa na mgeni aliyeachwa mlangoni. Kwa hiyo akatumia wapita njia. Dirisha lake lilitazama barabara, na hukuweza kupita pale bila kusikia, "Unaelekea upande gani?" Muuza maziwa alibeba za kule mabondeni. Walimu walibeba za njia ya shule. Kinyozi, ambaye chumba chake kilikuwa karibu kabisa na posta, alikuwa akizunguka kwa nyuma ili asionekane, mpaka siku moja akakuta Mama Posta amefungua dirisha la jikoni anamngoja.

Alikuwa na mipaka yake. Vifurushi na barua za rejista hazikutoka mpaka mwenyewe aje. Na simu ya upepo, yaani telegramu, hakumpa mtu, aliipeleka kwa miguu yake. Watu waliogopa kumwona ametoka nje ya kaunta, kwa sababu simu ya upepo ilikuwa haiji kwa mambo madogo. Yeye akalijua hilo, akaweka utaratibu: kama habari ni njema, anaanza kuimba tangu kwenye kona. Alikuwa hajui kuimba hata kidogo. Lakini nimewaona wanawake wametoka nje mikono kifuani, wakasikia ile sauti mbovu inakuja, wakaketi chini kwa furaha kabla hata ya kujua nani kajifungua.

Mimi alinibebesha kwa miaka. Kubisha hodi kwa watu ilikuwa adhabu kwangu. Kwanza nilikuwa nikisukuma barua chini ya mlango nakimbia. Akanikataza. Alisema chini ya mlango ameona matokeo yake, barua apewe mtu mkononi. Nikajifunza kusema "hodi", kisha nikajifunza kusema "barua yako hii", na polepole nikajikuta naweza kusimama na mtu nikazungumza habari za mvua.

Kulikuwa na nyumba moja nyuma ya kinu, ya mama mmoja na binti yake aliyekuwa fundi cherehani. Barua zao zilikuja nyingi, kaka yake alikuwa mbali na alipenda kuandika. Nikaanza kuona ajabu: kila siku ninapopita posta kuna barua moja ya nyumba ile. Moja tu. Siku moja nikachungulia nikaona ziko kadhaa zimefungwa uzi, na yeye anachomoa moja. Nikamwuliza kwa nini asinipe zote kwa pamoja.

"Barua zikienda pamoja zinagombana," akasema, bila kuinua macho.

Yule fundi cherehani ni mke wangu sasa. Mama mkwe, mpaka anaingia kaburini, aliamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeajiriwa na posta, na aliniuliza zaidi ya mara moja kwa nini nimeacha kazi nzuri nikashika msumeno.

Mambo yalibadilika kama yalivyobadilika kila mahali. Simu ya upepo ilikufa. Kikaletwa kibanda cha simu kando ya posta, watu wakapanga foleni, kisha nacho kikafa, maana kila mtu alipata simu ya kutia mfukoni. Binti yake alikua, akasoma, akaolewa mbali, akawa anampigia mama yake jioni. Mama Posta alipokea, akazungumza vizuri, na alipomaliza alisema, "Haya, sasa niandikie hayo yote." Binti aliandika. Alijua asipoandika atasikia maneno. Lakini watu wengine waliacha. Mfuko uliokuwa ukibebwa na wanaume wawili, dereva sasa aliurusha kwa mkono mmoja.

Ndipo ikaja barua ya makao makuu. Posta zenye mifuko myepesi zitafungwa. Mfuko wa kutoka utapimwa kila safari, na mwisho wa msimu mkaguzi atakuja kuupima kwa mizani yake mwenyewe, kisha aandike uamuzi. Mama Posta hakumwambia mtu. Tuliambiwa na dereva.

Nilikwenda siku ile kurekebisha kilango cha kaunta, nikamkuta amekaa kwenye kiti, muhuri uko mbele yake, hagongi kitu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akisema.

"Fundi, unakumbuka nilivyokuja? Funguo kwenye bahasha, mlango umevimba, hakuna wa kunikaribisha isipokuwa wewe, na wewe ulikuwa bubu. Nimebakiza muda mfupi nistaafu. Sitaki zawadi. Nataka funguo hizi nimpe mtu mkononi, nimwambie hii ni ya mlango, hii ni ya mfuko, hii ya masanduku. Sitaki niwe mtu wa kugonga misumari mlangoni."

Nikafunga skrubu za kilango, nikaenda hapo jirani nikamweleza kinyozi. Yeye ana maneno ya kutosha watu wawili.

Kinyozi hakulala. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kilitoka kimenyolewa na kimeagizwa kuandika barua. "Wembe uko shingoni kwako," alikuwa akiwaambia wateja, "sema utaandika." Mwalimu mkuu alifanya barua kuwa somo, madarasa yote. Mwenye duka akaishiwa bahasha akaagiza nyingine. Mji ukaandika. Tatizo, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona, ni kwamba tuliandikia watu tuliowajua, na watu tuliowajua walikuwa hapa hapa. Kinyozi alimwandikia mzee wa kinu kumdai redio yake. Mzee wa kinu akamjibu kwa barua kwamba redio ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Wifi wawili waliokuwa hawasemezani wakaanza kutupiana maneno kwa bahasha. Mimi nilimwandikia mke wangu, ambaye alikuwa chumba cha pili anashona. Akanijibu, kwa stempu, kwamba barua yangu ni fupi kama mimi mwenyewe, niongeze.

Mama Posta alirudi kuwa yule wa zamani. Muhuri ulisikika mpaka kwangu, tap, tap, tap, asubuhi nzima. Na kila barua aliyoigonga muhuri aliipa yule anayepita: "Unaelekea upande gani?" Watu walikuwa wakipishana barabarani na barua mikononi kama siku ya mtihani. Furaha ilimpofusha naye pia, nadhani. Lori likaja, dereva akaunyanyua mfuko wa kutoka kwa kidole kimoja, akauning'iniza hewani, akamtazama.

"Mama," akasema, "humu mna nini, upepo?"

Barua za mji zilikuwa zimebaki mjini. Hazikuingia kwenye mfuko, kwa sababu hazikuwa na safari. Tena mfuko ulikuwa umepungua kuliko awali, maana hata wenye jamaa wa mbali walikuwa wamemalizia stempu zao kwa majirani.

Usiku haukupita kinyozi hajapata dawa. Akaja na sisi wengine nyuma yake, akashauri barua zote za mji zitiwe kwenye mfuko, zipande lori mpaka makao makuu, zipimwe, kisha zirudi. Hakuna uongo hapo, alisema, ni kutembea tu.

Mama Posta akamtazama kupitia nondo. "Barua ya mzee wa kinu niipandishe lori, ikalale njiani, irudi baada ya wiki, na mzee wa kinu namwona pale anakunywa chai?"

"Ni kwa ajili yako, mama."

"Ni kwa ajili yangu, lakini barua ni ya kwake." Akachukua ile ya juu kabisa, akaitazama. "Hii ni ya nyumba ya tatu kutoka kwako. Kwa kuwa unarudi huko."

Kinyozi akaibeba. Ungefanyaje?

Mkaguzi alikuja na lori, mwanamume mwembamba, mpole wa sauti, mizani ya kuning'iniza iko ndani ya mfuko wa ngozi. Nilikuwepo, kwa kuwa niliitwa kukaza nondo moja ya dirisha, ingawa nadhani nondo ile haikuwa na tatizo lolote na Mama Posta alitaka tu pawepo na mtu. Akauning'iniza mfuko wa kutoka. Mshale wa mizani ulitikisika, ukarudi ulikokuwa. Akajaribu tena. Akaandika kitu kwenye karatasi, akafunga kalamu, akaikunja karatasi. Hakuonekana kufurahia. Alisema ataandika taarifa yake kesho asubuhi, sasa anatafuta pa kulala.

Mama Posta alikuwa anafunga dirisha. Uso wake ulikuwa mzito, sijawahi kuuona vile. Lakini mdomo ulikuwa na mazoea yake ya miaka.

"Unaelekea upande gani?"

Akasema ameambiwa nyumba ya wageni iko ng'ambo ya soko.

"Basi usiende mikono mitupu." Na kabla mtu yule hajaelewa, ana kibunda cha barua mkononi. "Fundi atakuonyesha milango. Wape mkononi, tafadhali, si chini ya mlango."

Nikaenda naye. Kwenye nyumba ya kwanza alibisha kama mtu anayekuja kudai kodi. Kwenye ya pili alikaribishwa chai akakataa. Ya tatu alikuwa mzee wa kinu, na miwani yake ilikuwa imepotea kama kawaida, basi akamwomba mkaguzi amsomee. Mkaguzi akasoma, kwa ile sauti yake ya upole, matusi yote ya kinyozi kuhusu redio, na mzee wa kinu akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwamuru akae, aandike jibu kama atakavyotamkiwa. Mkaguzi akaandika. Alipoona neno moja limezidi ukali, akashauri lipunguzwe, wakabishana. Chai ililetwa hapo hapo na mara hii aliinywa. Kwa wifi wa kwanza alipewa jibu la kupeleka kwa wifi wa pili, na wa pili alipolisoma akajifunga kanga yake vizuri, akasema hapana haja ya bahasha, anakwenda mwenyewe. Tulipofika nyumba ya wageni giza lilikuwa linaingia, na mkaguzi aliniuliza kama mzee wa kinu ana watoto, na kama redio ile kweli ilikuwa mbovu.

Nikamwambia ilikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekuwa nimelitengeneza boksi lake.

Asubuhi alirudi posta na mifuko ya koti imevimba. Akazitoa barua alizokabidhiwa, za majibu, akaziweka kwenye kaunta. Mama Posta akazipekua moja moja.

"Hizi hazina stempu."

"Sikuwa na stempu, mama."

"Ziko hapa, zinauzwa."

Akatoa hela yake akanunua. Alinunua zilizokuwepo, hazikutosha. Akauliza kwa nini stempu zimekwisha kwenye posta yenye mfuko mwepesi hivi, na Mama Posta akamwambia ajiulize alipokuwa jana jioni. Mkaguzi akaegemea kaunta kwa muda. Kisha akasema mizani yake ilitumwa ipime kinachoondoka, haikuulizwa kinachobaki, lakini yeye ana mkono na anaweza kuandika yote mawili. Hawezi kuahidi. Lori lilipopiga honi Mama Posta hakumwuliza anaelekea upande gani, ila alimpa mfuko ule mwepesi aupakie mwenyewe.

Tulingoja mpaka tukachoka kungoja. Jibu likaja ndani ya mfuko kama barua nyingine yoyote. Posta haitafungwa. Itafunguliwa siku tatu kwa wiki badala ya zote, na barua za mji zihesabiwe pamoja na zile za kuondoka. Kinyozi alinyoa bure siku hiyo mpaka saa sita, halafu akajuta. Redio hajalipwa mpaka leo.

Mama Posta alistaafu kwa wakati wake. Aliyekuja kushika nafasi ni dada mmoja wa miwani, mcheshi, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeupitishia randa ule mlango ili usimwaibishe mtu. Ulifunguka kwa kidole. Mama Posta alimpa funguo mkononi, moja moja, akizitaja, hii ya mlango, hii ya mfuko, hii ya masanduku, na aliporudia mara ya pili dada yule hakumkatiza. Kisha tukatoka barazani kungoja basi la kumpeleka kwa binti yake. Mizani ya shaba ilibaki kaunta, ilikuwa ya serikali. Aliitazama mara moja tu.

Alifariki huko miaka kadhaa baadaye, mzee, katikati ya wajukuu. Habari ilitufikia kwa simu, na mke wangu alisema hapo hapo kwamba angekasirika, angetaka iandikwe.

Siku ile ya basi watu walikuwa wengi, kila mtu ana la kusema, na mimi nilijibanza nyuma kwenye nguzo. Nilikuwa nimemtengenezea kabati dogo la barua, lenye vyumba vyake, saizi ya mkate, kwa ajili ya barua za binti na wajukuu. Nililishika mgongoni tangu asubuhi. Kila nilipotaka kusogea, mtu mwingine alinitangulia. Basi likaja. Mizigo ikapanda, yeye akapanda, akakaa dirishani, na injini ikaanza kunguruma. Ndipo nikasogea, na kwa vile sikujua lingine la kusema, nikasema lake.

"Mama Posta, unaelekea upande gani?"

Watu wote walicheka. Yeye hakucheka. Alitoa mikono yote miwili dirishani.

"Kwa binti yangu, Fundi," akasema. "Lete hicho unachoficha mgongoni. Mimi siondoki mikono mitupu."